Chipukizi la Jirani na Mche wa Chupani

Katika nchi ya Meru na ya Embu, mtu aanzaye boma jipya hakosi mgomba. Kijana akijenga nyumba yake, mama yake au jirani yake humchimbulia chipukizi shambani na kumpa bure, pasipo kulipana wala kuandikiana. Baada ya mwaka mmoja na nusu kijana huyo hukata mkungu wake wa kwanza, naye hugawia wengine machipukizi kama alivyogawiwa. Ndivyo migomba ilivyoenea katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka mkono hata mkono.

Desturi hii ni njema, lakini ndani yake imejificha hatari ambayo wazee wa zamani hawakuwa na njia ya kuijua. Chipukizi halisafiri peke yake. Katika tunguu lake, na katika udongo ulioshikamana na mizizi yake, husafiri pia maradhi na wadudu wa shamba lilikotoka. Mpaji hajui, wala mpokeaji hajui. Miaka miwili au mitatu baadaye majirani wawili huwa na migomba iliyonyauka badala ya mmoja, na kila mmoja hulaumu udongo, mvua au jicho la hasidi.

Makala haya yaeleza jinsi elimu ya mimea ilivyopata dawa ya jambo hili, mahali dawa hiyo ilipotoka, na mambo ambayo haiwezi kuyafanya.

Zao la jikoni lililogeuka kuwa la sokoni

Zamani mgomba haukuhesabiwa kuwa mali ya fedha. Katika miaka ya 1930 Serikali ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Kenya kulima kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupewa ruhusa hiyo. Mwaka 1954 mpango wa Bwana Swynnerton ukaongeza nguvu katika mazao ya fedha kwa wakulima wa Kiafrika, na mashamba ya kahawa yakaenea katika vilima vyote vya kati. Kahawa ilikuwa ya baba, tena ilikuwa na chama, kiwanda na kitabu cha hesabu. Migomba ilikuwa ya mama: chakula cha watoto, na majani na mashina ya kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi.

Mwezi wa Julai mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kahawa kwa mafungu yalivunjika, na bei ya kahawa ikaanguka duniani kote. Mkulima aliyezoea kulipa karo kwa kahawa alijikuta hana kitu. Ndipo wengi walipoutazama mgomba kwa macho mapya. Kutoka Nkubu, Kanyakine na Igoji, na kutoka Chuka na Runyenjes, malori yakaanza kubeba mikungu kwenda Nairobi. Hata Mitunguu, mahali pa chini penye joto na mvua haba, maji yaliyoletwa kwa mabomba yaliwawezesha watu kulima ndizi mwaka mzima.

Hivyo zao likapanda cheo, lakini namna ya kulitunza haikupanda pamoja nalo. Watu waliendelea kupanda machipukizi yale yale, katika mashimo madogo yale yale. Katika miaka ya 1980 na ya 1990 mavuno ya ndizi katika Kenya yalizidi kudhoofika, kwa kuwa maradhi na wadudu walikuwa wamejaa katika mbegu yenyewe.

Maadui wanne wa mgomba

Adui wa kwanza ni ugonjwa wa Panama. Huletwa na ukungu uitwao Fusarium, ambao hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia ukingoni, kisha huvunjika shingo na kuning'inia kuzunguka shina. Shina nalo hupasuka karibu na ardhi. Likikatwa, ndani huonekana alama za rangi nyekundu iliyoiva au ya kahawia. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya ugonjwa huu, na ukungu wake huweza kukaa udongoni miaka mingi sana hata kama migomba yote imeng'olewa. Ndio ulioangamiza mashamba makubwa ya ndizi aina ya Gros Michel katika Amerika ya Kati, hata kufikia miaka ya 1960 makampuni yaliyouza ndizi nchi za nje yakalazimika kuiacha na kupanda jamii ya Cavendish. Huku kwetu pia Gros Michel na kisukari huathirika upesi.

Adui wa pili ni fukusi wa migomba. Mdudu mzima ni mweusi, tena hutembea usiku. Jike hutaga mayai penye tunguu, na funza wake hutoboa njia ndani yake mpaka likawa kama gogo lililoliwa na mchwa. Mgomba wa namna hiyo huangushwa na upepo mdogo tu, mara nyingi ukiwa na mkungu usiokomaa.

Wa tatu ni vijiminyoo vya mizizi, ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona. Hula mizizi hata ikawa myeusi na mifupi. Mkulima huona mikungu ikipungua mwaka hata mwaka, asijue sababu.

Wa nne ni sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani. Huanza kwa mistari midogo, kisha jani zima huwa kama lililounguzwa na moto. Mgomba ukikosa majani hauwezi kujaza ndizi zake.

Hapa pana tofauti ambayo mkulima hana budi kuishika. Maadui watatu wa kwanza husafiri na chipukizi. Wa nne huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Basi mbegu safi huweza kuwazuia wale watatu wasiingie shambani, lakini haiwezi kumzuia wa nne.

Fundisho lilitoka kwa maua

Watu wengine hudhani kwamba kilimo cha maua ni mchezo wa matajiri, kisichomhusu mtu anayetafuta chakula. Historia ya mche wa chupani yaonyesha vingine.

Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea aitwaye Gottlieb Haberlandt alitoa wazo kwamba chembe moja iliyo hai ya mmea, ikilishwa vema ndani ya chombo, ingeweza kukua peke yake. Yeye mwenyewe hakufaulu kulitimiza. Miaka 50 ilipita. Mwaka 1952, huko Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walikuwa wakishughulika na maua ya dahlia yaliyoshikwa na virusi. Virusi hivyo vilienea katika mmea karibu wote, lakini ile ncha changa kabisa inayokua, ndogo kuliko kichwa cha sindano, mara nyingi ilikuwa safi. Wakaikata ncha hiyo kwa kisu chembamba, wakailisha ndani ya chupa, kisha wakaiunganisha na mche wa dahlia usio na ugonjwa. Mmea uliopatikana ulikuwa mzima, ingawa mama yake alikuwa mgonjwa.

Mwaka 1960 Morel alionyesha kwamba maua ya okidi pia yaweza kuzalishwa kwa njia ya namna hiyo. Okidi ni ua la bei kubwa, lakini mmea mmoja hutoa watoto wachache kwa mwaka, na mbegu zake hazirithi sura ya mama sawasawa. Kwa njia ya chupa, mmea mmoja uliweza kutoa maelfu wanaofanana. Wafanya biashara wa maua waliikimbilia njia hiyo mara moja. Mwaka 1962, katika Marekani, Toshio Murashige na Folke Skoog walitangaza kipimo cha chumvi na vyakula vya mmea ambacho hata leo hutumika katika maabara za dunia nzima. Katika miaka ya 1970 wataalamu wakaipeleka kazi hiyo kwa mgomba, ambao nao hauna mbegu na hutoa watoto wachache.

Basi mkulima wa Igoji apandaye mche wa chupani hutumia elimu iliyolipiwa na wapenda maua. Na hapo Timau, katika mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, mashamba makubwa ya maua yanafuata kanuni hiyo hiyo kila siku. Mwenye shamba la waridi hapandi kijiti cha kuokota. Hununua mche wenye asili inayojulikana, mara nyingi ua zuri lililounganishwa juu ya mzizi wenye nguvu, kwa sababu anajua kwamba kosa la siku ya kupanda hulipwa miaka yote ya shamba.

Jinsi mche wa chupani unavyofanywa

Kazi yenyewe si uchawi, wala haibadilishi asili ya mgomba. Kwanza huchaguliwa mgomba mama ulio bora: wenye mkungu mkubwa, usio na dalili ya ugonjwa, tena uliopimwa virusi. Chipukizi lake huchukuliwa, humenywa tabaka baada ya tabaka mpaka kubaki kipande kidogo cheupe chenye ile ncha inayokua. Kipande hicho huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huwekwa ndani ya chupa iliyochemshwa kwa mvuke.

Ndani ya chupa mna uji mgumu uliogandishwa kwa agari, kitu kinachotokana na mwani wa baharini. Uji huo umetiwa sukari, chumvi za mimea, vitamini na homoni za kuamuru ukuaji. Homoni moja huamuru mmea utoe machipukizi mengi. Machipukizi hayo hutengwa na kuwekwa katika chupa mpya, na kila moja hutoa mengine. Yakitosha, huhamishiwa katika uji wenye homoni nyingine iamuruyo mizizi. Maabara nzuri huweka kikomo cha mara za kutenga namna hii, kwa kuwa zikizidi, miche mingine hupotoka na kutoa migomba mbilikimo au mikungu isiyo ya kawaida.

Mche utokao chupani ni kama mtoto mchanga. Haujapata kuona jua wala upepo. Hupandwa katika udongo uliosafishwa, chini ya kivuli na unyevu mwingi, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa. Huhamishiwa katika mifuko ya plastiki, na ukifika urefu wa futi moja hivi, ukiwa na majani mazima matano au sita, ndipo uwezapo kwenda shambani.

Katika Kenya kazi hii ilipata nguvu katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Shirika la utafiti wa kilimo lililoitwa KARI, ambalo kwa sheria ya mwaka 2013 liligeuzwa kuwa KALRO, lilishirikiana na shirika la ISAAA, ambako Daktari Florence Wambugu alikuwa kiongozi wa kazi hiyo, ili miche safi iwafikie wakulima wadogo. Miche ya kwanza iliagizwa kutoka Afrika Kusini. Baadaye maabara za humu nchini, kama ile ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, zikazalisha zenyewe. Aina zilizoenea sana ni za jamii ya Cavendish, kama Grand Nain na Williams, ambazo huvumilia ule ugonjwa wa Panama unaoua Gros Michel na kisukari katika nchi zetu.

Mche safi katika shamba chafu

Wakulima wengi waliopata mche huu walifaidika. Miche hukua sawasawa, na mahali penye joto na maji ya kutosha mkungu wa kwanza huweza kukatwa baada ya mwaka mmoja au miezi 15, kabla ya ule wa chipukizi la kawaida. Lakini wengine walipata hasara, wakasema kwamba wamedanganywa. Mara nyingi sababu ni moja katika hizi tatu.

Ya kwanza ni kuutendea mche wa chupani kama chipukizi la zamani. Chipukizi lina tunguu kubwa, ambalo ni ghala ya chakula na maji. Huweza kutupwa kando ya shimo juma zima na bado likaota. Mche wa chupani hauna ghala. Ukipandwa katika shimo dogo na kuachwa bila maji katika miezi mitano ya kwanza, hufa au hudumaa. Usafi wake nao si ngao ya kudumu. Ukipandwa kando ya matunguu ya zamani yaliyojaa fukusi, wadudu watahamia kwake pasipo kuchelewa.

Ya pili ni kupanda aina isiyofaa mahali penye ugonjwa. Shamba lililowahi kuwa na Panama halifai tena kupandwa Gros Michel wala kisukari, hata kama mche umetoka maabara bora kuliko zote. Mche ni safi, lakini udongo sio. Mahali hapo apande Cavendish, au aache ndizi na kulima zao lingine. Hata Cavendish haina kinga ya milele. Ugonjwa wa Panama wa namna mpya, uitwao namna ya 4 ya nchi za joto, huua Cavendish pia, na mwaka 2013 uligunduliwa katika Msumbiji. Kwa hiyo mtu asilete chipukizi wala udongo kutoka nchi za nje kwa siri, hata likiwa ni la zawadi.

Ya tatu ni udanganyifu. Wako watu wanaochimba machipukizi madogo, wakayatia katika mifuko ya plastiki na kuyauza kwa bei ya mche wa maabara. Mnunuzi ana njia ya kujilinda. Kwanza atazame kimo: miche ya maabara ya kundi moja hulingana, lakini machipukizi hupishana. Pili aombe mfuko mmoja upasuliwe: mche wa maabara una shina jembamba na mizizi mingi midogo, lakini chipukizi lina tunguu nene lenye kovu la panga mahali lilipokatwa kwa mama yake. Tatu anunue katika kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, shirika la Serikali linaloangalia afya ya mimea, naye aitunze stakabadhi yake. Asiyejua kitalu cha kutegemewa na amwulize bwana shamba, au afike kituo cha KALRO hapo Embu.

Kanuni za kupanda

1. Mahali pawe chini ya futi 6,000 hivi juu ya bahari. Huko juu, karibu na mashamba ya chai na msitu, baridi huchelewesha mkungu.

2. Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua. Kila shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande, na udongo wa juu utengwe na ule wa chini.

3. Nafasi kati ya mgomba na mgomba iwe futi 10 kila upande. Ekari moja itachukua migomba 435. Asiye na fedha za ekari nzima aanze na migomba 20 anayoweza kuitunza.

4. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vema, kisha urudishwe shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi.

5. Mche upandwe mwanzo wa mvua. Katika miteremko hii ya mashariki mvua za Oktoba hutegemewa kuliko zile za Machi, hasa sehemu za chini. Mfuko upasuliwe na kuondolewa pasipo kuvunja udongo ulioshika mizizi.

6. Mgomba wataka maji kama inchi moja ya mvua kila juma. Mvua zikikatika, mche upewe maji, na shina lizungushiwe majani makavu ili unyevu usipotee. Majani hayo yasiguse shina, maana fukusi hupenda kujificha hapo.

7. Mgomba ukianza kutoa watoto, yaachwe mashina matatu tu: mama, binti na mjukuu. Mengine yote yakatwe. Penye watoto kumi, kila mkungu huwa mdogo.

8. Majani yaliyoungua kwa sigatoka yakatwe na kuondolewa. Baada ya kuvuna, shina la zamani likatwe vipande vidogo vikauke upesi, lisiwe nyumba ya fukusi.

9. Panga lisafishwe kwa moto au kwa dawa ya kufulia ya kung'arisha nguo, kabla ya kuingia shamba lingine. Mnyauko wa bakteria, ambao uliingia Uganda mwaka 2001 na magharibi ya Kenya mwaka 2006, huenezwa sana kwa panga lenye utomvu wa mgomba mgonjwa.

Kwa asiye na fedha ya mche

Mche wa maabara una bei, na chipukizi la jirani ni la bure. Itakuwa si haki kumwambia mjane mwenye robo ekari kwamba asipande mpaka apate fedha. Kwa bahati njema elimu haikumsahau.

Njia ya kwanza ni kusafisha chipukizi. Lichimbwe katika shamba lisilo na dalili yoyote ya Panama. Likiwa bado katika shamba hilo, mizizi yote ikatwe na ngozi ya tunguu imenywe mpaka kubaki nyama nyeupe tupu. Penye madoa meusi au tundu la funza, likatwe zaidi. Likiwa limetobolewa sana, litupwe. Kisha litiwe katika maji ya moto ya nyuzi 55 za Sentigredi kwa dakika 20, au kama hakuna kipimajoto, lichovywe katika maji yanayochemka kwa nukta 30 tu, yaani kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka 30. Moto huo huua vijiminyoo na mayai ya fukusi pasipo kuua tunguu. Lakini mkulima asijidanganye: haumalizi ukungu wa Panama. Ndiyo sababu chipukizi la shamba lenye Panama halifai hata likichemshwa.

Njia ya pili ni kuzalisha miche katika sanduku. Tunguu lililosafishwa hukatwa ile ncha ya kati na kuchanjwa, kisha hufukiwa katika unga wa mbao uliochemshwa, ndani ya sanduku lililofunikwa kwa plastiki. Joto na unyevu huamsha macho yaliyolala, na tunguu moja huweza kutoa miche zaidi ya kumi katika miezi michache. Kikundi cha wanawake au chama cha wakulima chaweza kufanya kazi hii kwa gharama ndogo, kikianza na migomba michache ya maabara kuwa mama.

Daftari na mizani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima aandike tarehe ya kupanda, kitalu alikonunua, aina ya mgomba, samadi aliyotia, na uzito wa kila mkungu. Baada ya miaka miwili daftari litamwambia kama mche wa bei ulilipa gharama yake.

Uzito ni jambo kubwa. Wachuuzi wengi hununua mkungu kwa kuutazama kwa macho, na jicho la mnunuzi hupima kwa faida yake mwenyewe. Wakulima waliojiunga kikundi, wakapanda aina moja ya miche inayolingana, wakavuna siku moja na kuweka mizani, wana neno la kusema juu ya bei. Mwenye mikungu mitatu ya kimo mbalimbali hana.

Tena liko jambo la nyumbani. Mgomba ulipokuwa wa jikoni, mama ndiye aliyeutunza na kuuza ziada yake ili apate chumvi na sabuni. Ulipopata bei, mara nyingine baba ndiye aliyesimama penye lori kupokea fedha. Yafaa mume na mke wakubaliane mapema jinsi ya kugawa mapato, kwa maana aliyenyimwa faida hatabeba samadi wala maji, na mche wa chupani haustahimili mwaka mmoja wa kuachwa.

Kupeana kuendelee

Hakuna atakayewaambia watu wa Meru na Embu waache kupeana machipukizi. Watoto wa mgomba uliotoka maabara, ukiwa katika shamba safi, ni mbegu njema kwa muda, na mwenye nao aweza kuwagawia jirani zake kama mama zake walivyofanya. Kinachotakiwa ni kwamba kabla ya kutoa achunguze shamba lake, amenye tunguu, achemshe maji, asafishe panga. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Na mpokeaji naye asione haya kuuliza, "Migomba yako haina Panama?" Swali hilo si tusi. Ni sawa na mtu aulizaye kama ng'ombe wa kununua amechanjwa, na mwenye ng'ombe mzima hachukii kuulizwa.